Hii, Si Huyu

Mwezi wa tano, maji yalipoziba njia ya Jangwani
na wageni wakawa watatu kwa siku, wawili wakijikinga mvua tu,
mkurugenzi alituita kwenye chumba chenye kiyoyozi:
makumbusho, alisema, yahamie kiganjani.
Mtaalamu akachora miduara ukutani,
ufikiaji, ushiriki, wafuasi,
na mshale mwekundu unaopanda
kama bei ya mchele.

Nikapewa kamera, glavu, kitambaa cheusi
na stoo nzima.
Ngoma iliyopasuka. Pasi ya mkaa. Bao lisilo na kete.
Alhamisi, rafu ya chini, penye mavi ya panya:
mbuzi.
Miguu ya mninga iliyopishana,
ulimi wa chuma, meno kumi na moja,
kikalio kilichong'arishwa na makalio ya watu.
Kadi ya taipureta: "Mbuzi. Uzaramo. Mwenyewe hajulikani."
Nikanakili hivyo hivyo. Nikabonyeza. Nikaenda kula.

Mashine ikaipanga penye wanyama.

Ilikuwa wiki ya Idi ya kuchinja.
Simu yetu, ambayo hulia kwa nadra
na aghalabu ni watu wa umeme, ikaanza:
"Huyu bei gani?"
"Huyu jike au beberu?"
"Nikija Vingunguti nitamkuta?"
Kijana wa Tandika alitaka wawili, tena weupe.
Nilijibu kwa adabu: huyu hali majani, anakula nazi.
Wengine walicheka. Mmoja alinitukania mama.

Mshale ukapanda hadi ukatoka nje ya karatasi.
Mkurugenzi akaagiza soda.
Mtaalamu akasema tusirekebishe kitu
mpaka ripoti iwafikie wafadhili.

Jumatatu, saa nne, sauti ya mwanamke,
taratibu, kama mtu anayechambua mchele huku akiongea:
"Hii mbuzi..."
Nikaweka kalamu chini.
Wiki nzima huyu, huyu, huyu,
na mtu mmoja kasema hii.

Bi. Mwajabu, wa Buguruni Malapa.
Mjukuu wake alikuwa akitafuta mnyama wa sikukuu.
"Igeuze," alisema. "Chini, mguu wa kulia,
pana waya wa shaba. Baba aliutoa kwenye redio
mwaka redio ilipokufa."
Nikateremka stoo bila glavu.
Waya ulikuwepo.
Picha zangu kumi na mbili, mwanga safi, pande zote,
hazikuuona.

Nilidhani atadai irudishwe. Nilikwisha kuandaa
sheria, fomu, na lile neno letu "tutalifanyia kazi".
Akauliza: "Bado inalia?"
Inalia?
"Mama akiikalia alfajiri ilikuwa na kijisauti.
Sisi kitandani tulijua hapo hapo
leo wali wa nazi au mkavu."

Fomu ya mkakati ina kisanduku cha urefu,
cha upana, cha uzito, cha maneno ya kutafutia.
Cha kijisauti haina.

Hairuhusiwi kukalia kitu cha makumbusho.
Nilinunua nazi moja Kisutu,
nikasubiri mlinzi Ching'ole aende kuswali,
nikafunga mlango wa stoo, nikakunja suruali.
Ililia. Si chuma kilicholia, ni ule mguu wenye waya,
mlio mdogo, kama mtoto anayekataa kuamka.
Sekunde arobaini. Nikamtumia.

Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Mkono wako mzito, mwanangu.
Mama alikuna polepole."

Nimefuta "hajulikani". Nimeandika Mwanakombo binti Pazi.
Nimeitoa penye wanyama.
Wanunuzi wa mbuzi wametawanyika, mshale umeanguka,
na mkurugenzi ananitaka saa nane, na maelezo.

Nakwenda. Nimenawa mara mbili,
chicha bado iko kwenye kucha.