Mraba wa Majaribio

Saa nne na nusu, Tabata Kimanga,
jua limeshapanda juu ya boneti
nalo halina adabu: linasema kila kitu.

Gari la Bi Tumsifu ni jeusi.
Kivulini mtu angeapa ni wino.
Hapa mwangani limejaa nywele,
nywele nyembamba za fedha, duara ndani ya duara,
kana kwamba buibui elfu walialikwa,
wakafuma usiku kucha, wakaondoka bila kuaga.

Ninabandika tepu ya karatasi,
mraba wa kadiri ya sinia la ubwabwa.
Hapa tu. Pakiharibika, paharibike hapa.

Mashine nimeinunua Gerezani, mtumba,
waya umefungwa plasta mahali pawili,
muuzaji akaniapia kwa mama yake
kwamba haijawahi kutoa moshi.
Wiki tatu imelala chini ya kitanda changu.
Niliogopa mlio wake.

Sponji ya njano, ile ya katikati.
Matone manne ya dawa, si matano.
Igusishe kwenye rangi kabla ya kuwasha,
la sivyo utang'arisha shati, ukuta na jirani.
Namba moja, kutandaza. Namba nne, kazi.
Mkono unataka kusugua, ndivyo ulivyolelewa,
nami naukanya: uzito wa mashine unatosha.
Kwenda, kurudi, nusu juu ya nusu,
mwendo wa mtu anayepiga pasi sare ya shule
Jumapili jioni.

Ninagusa kwa mgongo wa kiganja.
Vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Ikizidi hapo ni balaa: rangi si ukuta,
ni ngozi, nyembamba kuliko gazeti,
na kila ninachoking'arisha ninakipunguza.
Hilo hakuna anayeliandika kwenye kibao.

Umeme unakata. Uniti zimeisha.
Luhende anakimbia na elfu mbili,
mimi nimebaki nimeinama, jasho linadondoka
nje ya tepu, bahati yangu.

Unarudi. Mipito sita. Ninafuta.

Sasa nieleze vipi?
Ndani ya mraba kuna usiku wenye kina.
Kuna nguzo ya umeme, kichwa chini,
kuna bango la duka la dawa, herufi kinyumenyume,
kuna kidevu changu na ndevu za tangu Ijumaa.
Nje ya mraba, ukungu na nywele zilezile.

"Kaka," Luhende ananong'ona, "tumetoboa?"
Sijui anasema shimo au anasema maisha.

Bi Tumsifu anakuja na risiti mkononi.
"Mmenimwagia mafuta."
"Si mafuta, mama. Hiyo ndiyo rangi yako."
"Rangi yangu naijua. Mwaka wa saba huu."
Anashika pindo la kanga,
lina vumbi lote la kutoka Segerea,
anasugua mraba wangu, duara, duara, duara,
akitafuta mafuta yasiyokuwepo.

Naziona zikizaliwa: nywele tatu za fedha.

Mdomo wangu ulishafunguka kukemea.
Ukabaki hivyo, wazi.
Maana ule mzunguko naujua.
Ni wangu.
Miaka saba, kila Jumamosi, ndoo moja,
kipande kimoja cha fulana kuukuu;
kikianguka mchangani nakiokota,
nakikung'uta pajani mara moja, naendelea.
"Imetakata, mama," nasema, napokea elfu tano.

Hakuna buibui aliyealikwa.

Ameinama sasa. Ameliona bango la duka la dawa,
anajaribu kulisoma, midomo inachezacheza.
Kisha ameona kitu kingine, labda uso wake,
maana ameweka sawa kilemba.
"Na likiwa lote hivi, bei gani?"

Nataja bei. Halafu, kabla hajaguna,
naikata nusu mwenyewe.
Luhende ananitazama kama niliyepigwa na jua,
vidole vyake vinahesabu dawa, uniti, sponji.

"Lete ndoo," namwambia.
"Lete mbili."