Milimita Kumi na Saba

Jumatatu Biubwa alinichoma kwenye kigasha,
tone la protini lililochujwa
kutoka kwa vijidudu vilivyokwisha kufa.
"Usikune," akasema. "Alhamisi nitapima."

Miaka kumi na mmoja nasoma makohozi ya watu
hapa Chake, dirisha likitazama Gombani.
Nayapaka rangi, nayachoma, nayaosha kwa asidi:
kila kitu hupauka, vyenyewe havipauki.
Vijiti vyekundu kwenye buluu,
kama uzi uliokatika
kofiani mwa mtu asiyemaliza kushona.

Navijua. Nilidhani navijua.
Vikishuka mapafuni, askari wa mwili huvimeza,
na hapo ndipo vijidudu vingi hufia.
Hivi humezwa, vikatulia.
Humo tumboni mwa askari hutema protini mbili
zilizoshikana kama shoga na shogaye waendao arusini;
mlangoni huachana,
mmoja hutoboa ukuta.
Tundu dogo tu.
Kikulacho ki nguoni mwako, twasema.
Hiki wewe ndiye uliyekila,
kikakataa kuwa chakula.

Ila mvunja nyumba huacha unyayo.
Protini ile ile itoboayo
ndiyo impayo mwizi jina,
na seli zetu hulikariri, hupokezana,
bila daftari, bila kalamu,
miaka na miaka.

Alhamisi. Pamevimba,
pagumu chini ya kidole kama kokwa ya zambarau.
Biubwa akaweka rula. Akaiweka tena.
"Kumi na saba."
Nje mtu alikuwa akigombana bei ya shokishoki.

Picha ya kifua safi. Sikohoi. Mie mzima.
Vimo tu,
vimezungushiwa ukuta wa seli zangu mwenyewe
zinazokesha zamu bila mshahara.
Nani mfungwa humo, nani bawabu, sijui.

Nikamkumbuka Shaame Faki wa Konde,
aliyeleta kikopo chake kimefungwa kwa leso
kama aleteaye wageni halua.
Akaniuliza: "Mwanangu, hicho ukionacho humo,
nacho chanijua?"
Siku ile nilicheka.

Kidonge kila asubuhi, miezi sita.
Leo nimemeza cha kwanza, nikavaa glavu,
nikawasha taa ya darubini.
Kikopo namba nne.
Vipo. Vyekundu.
Vyanijua.