Hodi, Kajaani

Jumatatu ya Novemba, Oulu, saa mbili asubuhi na bado giza,
Sirkka wa malipo alinipigia simu: "Njoo uone."
Hakusema nini. Nilijua.
Jumamosi usiku ni mimi niliyepandisha toleo jipya
kwenye mashine sitini na moja za kampuni ya mbao,
nikaenda kulala kama mtu aliyetenda jema.

Nilimkuta anafuma soksi.
Kijiduara cha buluu kinazunguka kwenye skrini,
sindano zinagongana, wala haitazami mikono yake.
"Kufungua barua moja," akasema, "safu mbili.
Kujibu, safu tatu. Ukiambatisha ankara
hiyo ni habari nyingine, hapo unachemsha kahawa."

Nikavua koti. Nikaanza na yale ya kila siku,
yale fundi huyafanya ili aonekane anafanya:
zima, washa.
Fungua kwa hali salama. Vilevile.
Nikavivua viongezeo kimoja kimoja, cha kutafsiri, cha mikutano,
na kile cha sahihi yenye picha ya msonobari
ambacho hakuna aliyekiomba. Vilevile.
Faili lake la barua lilibeba miaka ishirini na sita,
hajafuta hata tangazo la keki jikoni;
nikalibana, likakonda, mwendo ukabaki wa konokono.
Nikajenga faharasa upya. Nje kukapambazuka,
tukala supu ya samaki, nje kukaanza kuchwa.
Soksi ilikuwa imefika kisiginoni.

Ndipo nikaacha kufanya, nikatazama.
Chini kabisa ya dirisha, kwa herufi ndogo kama chawa,
programu ilikuwa inasema jambo, inalifuta, inalisema tena:
Inaunganisha na Kajaani.
Inaunganisha na Kajaani.

Tawi la Kajaani lilifungwa Aprili.
Seva yake niliing'oa kwa mikono hii,
nikaibeba garini ikiwa bado na joto, kama mkate.
Lakini kwenye orodha ya Sirkka, kushoto, chini ya Rasimu,
kalenda ya Ensio wa ghalani ilikuwa bado wazi,
na kila barua, kabla ya kwenda ilikokwenda,
ilipita kwanza kwake:
hodi.
Sekunde arobaini.
Hodi.
Na nani aitike karibu? Hata mlango nilishauuza.

Toleo la zamani halikuwa na adabu.
Lilibisha mara moja likaenda zake, ndiyo maana hatukujua.
Hili jipya limefunzwa subira,
na subira huvuta heri, sikatai,
ila si kwenye mahame.

"Niiondoe?"
Sindano zikasimama.
Kumbe Ensio, kila asubuhi, juu ya kalenda yake
aliandika baridi ya kwao: "Ishirini na mbili chini ya sifuri. Nyinyi je?"
na Sirkka akaandika ya Oulu chini yake.
Miaka tisa. Walionana mara moja tu,
kwenye mafunzo ya kuzima moto, wote wameshika blanketi.
Ya mwisho ilisema: "Mbili juu ya sifuri. Paa linadondoka."
Chini yake, tupu.
"Siku ile nilikuwa kwa daktari wa meno," akasema.
Akaniomba nimchapishie ukurasa huo.
Akaukunja mara nne. "Haya, ondoa."

Barua ikafunguka kabla kidole changu hakijainuka,
na iliyofuata, na iliyofuata,
hadi Sirkka akashtuka, akaziweka sindano mezani
kama mtu aliyenyang'anywa kiti.

Kwenye daftari la kazi nikaandika:
Chanzo, njia ya mtandao isiyokuwepo. Suluhisho, imeondolewa.
Muda, saa saba.
Kisanduku cha maelezo ya ziada nikakiacha kilivyo.

Alhamisi nikakuta bahasha kwenye kibodi yangu.
Ndani, soksi ya kijivu, moja,
na kikaratasi: "Mwenzake anasubiri toleo lijalo."