Mizani Mbili

Kila riwaya aliyoazima Somoe
ina kijana mwenye kipaji, na kijana huyo anakohoa.
Ana dirisha. Ana mbalamwezi ya peke yake.
Baba yake huchoma daftari ukurasa wa arobaini,
mwalimu hulia ukurasa wa tisini,
na kabla jalada halijafungwa
barua inafika kutoka mjini.

Dada yangu hakohoi.
Hapa Kitangari dirisha letu limezibwa na magunia,
maana msimu huu ghala limefurika,
na baba hajachoma kitu. Aliliomba daftari
aandike humo kilo zake za korosho,
akaandika, akarudisha, akasema asante.
Sasa shairi la kiangazi lina jumla pembeni:
mia mbili kumi na nne, daraja la kwanza.

Mimi ni karani wa mizani.
"Hata mimi," husema akicheka. Nane, pumzi, nane,
anahesabu kwa vidole vilivyobabuka
kwa mafuta ya maganda. Cha shahada ndicho kinachouma zaidi,
kwa hiyo kila mstari una silabi anayoiogopa.

"Umegundua?" aliniuliza juzi tukibangua.
"Wanatuambia tu kwamba kijana yule aliandika vizuri.
Mstari wake hata mmoja hatuonyeshwi.
Ni kusifiwa ugali wa jirani
huku mlango umefungwa."
Tena hakuna anayefuta, akaongeza.
Kalamu za vitabuni hushuka tu,
baiskeli isiyo na breki mtelemkoni.

Basi mimi nafungua mlango.
Huu hapa mmoja, nimeuiba
chini ya hesabu ya baba:

    *Maji ya bonde hupanda, yakifika yamechoka*

"Yamechoka" amelikata. Juu yake: "yamezeeka".
Silabi imezidi, amekata.
"Yana deni." Hilo amelikata kwa hasira, karatasi imetoboka.
Kando ya tundu, kwa herufi ndogo, kama mtu anayerudi nyumbani
bila kubisha hodi:
"yamechoka".

Sijui kama hicho ndicho kipaji.
Usiku wa zamu niliuweka ukurasa juu ya mizani ya ghala.
Mshale haukutikisika.
Sikushangaa, ile huanzia kilo mbili.

Asubuhi narudi, mama anabishana na muuza maji
bei ya ndoo, sauti zimepanda,
na Somoe kasimama katikati yao, chenji mkononi,
kimya, midomo inachezacheza,
anahesabu.