Sarafu ya Ghorofa ya Nane

Katika jengo letu, huku Gldani, pembeni mwa Tbilisi, lifti hula sarafu.
Usipoilisha, haipandi. Ndiyo maana mfuko wangu wa kushoto
haukosi chenji, hata wiki ambayo jokofu liko tupu:
mwanangu Tsotne ana miaka tisa, huongea kwa nadra,
na neno alipendalo kuliko "baba" ni "nane".

Nane ni ghorofa yetu. Nane ni kitufe chenye ufa.
Nane ni jibu la njaa, la homa, la unaitwa nani.
Daktari alisema usonji, akaandika, akagonga muhuri.
Mama mkwe, Lamara, alisema ni jicho la watu,
akawasha mishumaa hadi dari la jikoni likawa jeusi.
Mke wangu Natela hakusema kitu. Alichukua mkasi,
akakata lebo za shingoni kwenye nguo zote za nyumba,
zake na zangu pia.

Februari, theluji ikigeuka tope, lifti ikafa.
Tsotne akatia sarafu, ikadondoka. Akatia, ikadondoka.
Kisha likaja yowe lile.
Otari wa ghorofa ya pili akainama kwenye ngazi:
"Huyu mtoto hafunzwi?"
Nilikuwa na jibu tayari, la aina isiyorudi kinywani.
Natela akanishika mkono.

Sijui nilifundishwa na nani. Nikasimama ngazi ya kwanza,
nikaikutanisha mikono kifuani kama milango miwili,
nikanguruma kwa sauti ya bati, nikasema: ting!
Nikaifungua.

Mwanangu hakumbatiwi. Lijue hilo kwanza.
Tangu akiwa na miaka miwili, mkono wa mtu kwake ni kaa la moto.
Akanitazama, si usoni, hapa, penye kifungo.
Akatumbukiza sarafu katika mfuko wa shati langu.
Akaingia.

Nikafunga, si kwa nguvu. Tukapanda,
mimi kinyumenyume, yeye ndani yangu.
"Mbili." Ting. Otari bado yupo mlangoni, na kandambili zake.
Akatutazama, akasogea kando
kama mtu anayengoja lifti ijayo.
"Tatu." Ting. Hakuna aliyeshuka.
Ya tano goti likalia. Ya sita nikalia mimi,
na kwa kuwa lifti hazilii, nikazidisha kunguruma.

Nane.

Siku kumi na moja tulipanda hivyo.
Ya kumi na mbili akaja fundi na sanduku lake la vyuma,
jengo zima likashangilia, Lamara akambusu kipaji cha uso.
Tsotne akakimbilia kitufe chake chenye ufa.
Hakugeuka nyuma. Kwa nini ageuke?

Jioni ile nilipanda kwa ngazi, peke yangu,
nikihesabu kwa sauti, sarafu kumi na moja
zikigongana kifuani.

Sijazitumia. Natela ameuliza mara moja tu:
"Mkate je?"
Nikasema, kesho.