Swali la Kumi na Moja

Swali la kumi na moja lina visanduku viwili,
Ndiyo na Hapana, kila kimoja kama punje ya mchele.
Waombaji tisa wametia alama palipo salama.
Wa kumi, Muhenna bin Khalfan wa Ibra,
ametia penye Ndiyo, akaandika pembeni:
*Vidonge, miaka mitatu.
Niliacha mama alipouza bangili ya mwisho.*

Kazi yenyewe ni kutunza fedha za mayatima.

Mwenyekiti anavua miwani.
"Fisi hakabidhiwi bucha."
Mjumbe wa kulia anaitikia kwa kope.
Kiyoyozi kinakohoa.

Nazirudia karatasi za wale tisa.
Wa nne namjua.
Ruwi, nyuma ya ghala la mazulia, gari limezimwa taa,
tuligawana kipande cha karatasi ya fedha
na kiberiti kimoja.
Leo ametakata kwa kalamu tu.
Nami mwaka nilioapishwa
fomu ilikuwa na maswali kumi.

Mhudumu anapita na dele.
Wenzangu wanatikisa vikombe: imetosha, tupige kura.
Changu nimesahau kukitikisa;
kinajazwa tena, kinaniunguza vidole.

Mikono miwili imeinuka kumkataa.
"Bwana Thuwaini?"

Nataka kusema: kati ya kumi
ni huyu tu aliyetuonyesha pa kumchungulia.
Nataka kusema na jingine,
lakini hilo lina jina langu ndani yake.

Kahawa inapoa.
Mwenyekiti amevaa tena miwani,
ananitazama mimi, si karatasi.