Cheti cha Kubuni

Namba yangu ni mia mbili kumi na saba.
Kwenye kioo cha ukutani wanaita mia na tisini,
basi nafungua faili, nakagua tena:
pasipoti, bima, mkataba wa nyumba,
shahada iliyogongwa mhuri Yerevani,
taarifa ya benki inayokonda kama kipande cha sabuni,
na nakala za barua za kuomba kazi, sitini na moja.
Majibu kumi na tisa, yote yana adabu:
"Tunakutakia heri katika safari yako."
Safari ipi? Mimi nimekaa.

Nje, Bremen inanyesha mvua ile nyembamba
isiyojua kukata.

Lifti ya jengo hili imebandikwa karatasi: MBOVU.
Kabla sijapanda ngazi niliweka sikio mlangoni.
Miaka kumi na sita nimeishi na lifti,
naijua inayoumwa, naijua inayodeka.
Hii haina neno. Breki inashika mapema,
kazi ya nusu saa, na spana namba kumi na tatu.
Nikamwambia mlinzi.
Akaniangalia kwa huruma: "Kampuni inakuja Jumanne."
Naijua kampuni hiyo.
Barua yangu kwao ilikuwa ya arobaini na nne.

Bi Wübbena si mtu mbaya.
Hilo ndilo linaloniumiza; angekuwa mbaya
ningemchukia, nikapumzika.
Anateremka na kidole kwenye fomu,
mstari kwa mstari, kisha kidole kinasimama.
"Hapa. Mwajiri."
"Bado."
"Bila mwajiri siwezi kuongeza kibali."
"Na bila kibali mwajiri hasaini.
Ananiuliza: mwezi wa sita utakuwepo?"
Anaitikia kwa kichwa, polepole,
kama anayesikiliza redio ya jirani.
Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu,
nami nimesimama kati ya ghorofa na ghorofa.

Mashine inakohoa, inatoa karatasi.
Anaikunja mara mbili, anabandika picha yangu
(ile ya mwaka wenye kazi, na tai).
"Kwa sasa chukua hii. Miezi mitatu."
Jina lake nililitafuta zamani kwenye kamusi:
cheti cha kubuni.
Sitanii, ndivyo wanavyokiita.
Serikali inajifanya kibali changu hakijafa,
nami najifanya naishi ndani yake.
Tumetunga hadithi, mimi na dola,
mhusika ni mmoja, Hrachya Galoyan,
urefu sentimita mia sabini na nne, macho kahawia,
na mwisho wake umeshapigwa chapa:
tarehe tisa Mei.

Nyumbani Siranush anamenya viazi.
Haulizi kwa mdomo, anauliza kwa nyusi.
"Mitatu," nasema.
"Miaka?" Ni Nare, chini ya meza.
"Miezi."
Anakunja vidole, kimoja, cha pili, cha tatu,
anatazama mkono.
"Vimebaki viwili," anasema,
na ananinyooshea nivichukue.

Mama anapiga simu. Kwake ni usiku tayari.
Mtoto wa Knarik amerudi, amefungua duka la betri.
"Ukirudi, mwanangu, hakuna atakayekucheka."
Najua, Mama.
Hicho hasa ndicho ninachokiogopa,
nyuso zile zote, hazicheki.

Wamelala. Naandika barua ya sitini na mbili,
na safari hii sitaji shahada wala uzoefu.

Waheshimiwa,
mkija Jumanne kwenye jengo la ofisi ya wageni,
msibadilishe mota, msiwatoze bure.
Ni breki. Njooni na spana namba kumi na tatu.
Mkikosa mtu wa kuishika, mimi nipo.

Nasoma tena. Nipo.
Naikunjua ile karatasi karibu na taa,
nashika kalamu, naongeza kwa herufi ndogo:
hadi tarehe tisa Mei.